Pete ya ndoa ipimwe jioni

Ukienda kwa sonara kuagiza pete ya fedha ya ndoa, nenda jioni. Kwa joto letu la Dar, hasa Januari na Februari, vidole huvimba kadiri siku inavyokwenda. Pete iliyopimwa asubuhi kabla ya chai itakubana ukumbini. Pima kidole chenyewe kitakachoivaa, maana cha kulia na cha kushoto si lazima vilingane, na hakikisha inapita kwenye fundo. Pete isiyo na urembo inaweza kupanuliwa kidogo baadaye. Yenye nakshi kuzunguka pande zote, hapo fundi ataanza kukuna kichwa. Mwulize pia kuhusu muhuri wa 925: maana yake sehemu 925 kwa kila 1,000 ni fedha, zilizobaki kwa kawaida ni shaba.

Shanga za kuvaa nayo zitungwe kwa mshipi wa nailoni, si uzi wa cherehani. Zangu zilikatika kwenye daladala ya Mbagala, nusu ya abiria wakainama kuniokotea.

Na jina la kuchongwa ndani, mwandikie fundi kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Zuhura na Zuhra, ukitamka haraka, ni mtu mmoja.