Namna ya kusimamisha ukuta wa fachwerk kama wa Fredericksburg

Walowezi wa kwanza, Wajerumani wapatao 120, walifika Fredericksburg, Texas, tarehe 8 Mei 1846, siku 16 njiani kutoka New Braunfels. Adelsverein, chama cha makabaila kilichowaleta, kilimpa kila mlowezi kiwanja cha nyumba na ekari 10 za kulima. Walijibanza kwanza kwenye vibanda, kisha wakajenga fachwerk: fremu ya mwaloni iliyojazwa mawe. Ujerumani wengi walijaza fito na udongo, lakini Texas mawe ya chokaa yalikuwa tele.

Anza na chokaa, ndiyo inayochelewa. Tumbukiza chokaa iliyochomwa ndani ya maji, kidogokidogo. Ukiimwagia maji juu, itakurukia machoni. Ilale chini ya maji miezi mitatu. Changanya kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga mkali.

Msingi wa mawe utokeze sentimita 40, boriti ya chini isirukiwe na maji ya mvua, na njia za mchwa zionekane mapema.

Kwa nguzo ya sentimita 15, ulimi, yaani ncha nyembamba inayochongwa mwishoni mwa nguzo, uwe na unene wa sentimita 5. Kina cha tundu la boriti linalopokea ulimi kizidi urefu wake kwa sentimita 1, mabega ya nguzo (kingo zilizobaki kando ya ulimi) yakae sawasawa juu ya boriti. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: toboa boriti kwanza kwa keekee, kukatiza tundu, iwe njia ya kigingi, kisha kwenye ulimi sogeza tobo milimita 3 kuelekea begani. Kigingi cha mwaloni mkavu kikigongwa, kinauvuta ulimi ndani. Ukisogeza upande wa ncha, kinausukuma nje. Tia alama kila kiungo, maana ulimi huingia tundu lake tu.

Kila pembe iwe na mhimili wa mshazari. Mawe hayazuii fremu kulala.

Mwaloni mbichi huchongeka vizuri, ila husinyaa ukikauka na kuacha mwanya kando ya mawe. Chonga mfuo ubavuni mwa nguzo, chokaa ipate pa kushika. Lowesha mawe kabla ya kujenga. Makavu hufyonza maji na chokaa hubaki unga.

Saruji usiiguse: hufungia unyevu, nguzo ikaoza ndani huku nje nzima. Ukiikuta kwenye nyumba ya zamani, itoe kwa patasi, kisha choma bisibisi chini ya kila nguzo. Ikizama, kata kipande kilichooza na uunge kipya kabla ya kurudisha mawe.