Somo: Kuchagua vifaa vya saspensheni ya hewa kwenye gari dogo, mfano wa Mark X

Wadau, swali la "kompresa gani nzuri?" huulizwa na watu ambao bado hawajajua kila tairi la gari lao limebeba kilo ngapi. Huko ni kuanzia mwisho. Uzito unaamua mfuko wa hewa (ule unaokaa badala ya springi na kunyanyua gari), mfuko unaamua presha, presha inaamua tangi la kuhifadhia hewa, tangi linaamua kompresa, na kompresa inaamua waya. Ukifuata mpangilio huo hununui kitu mara mbili. Tutatumia Toyota Mark X GRX130, kwa sababu zimejaa mitaani na sehemu yake ya mbele, yenye amu (mkono wa chuma unaoshika tairi) ya juu na ya chini, ndiyo inayowapoteza wengi kwenye hesabu.

Hatua ya 1: Uzito na nafasi

Gari hili tupu lina takriban kilo 1,550. Chukua asilimia 54 kuwa mbele: kila tairi la mbele linabeba karibu kilo 420. Toa kilo 40 za tairi, rimu, breki na habu, maana hizo hazikalii springi. Zinabaki 380.

Hapo bado hujafika. Shokapu imefungwa katikati ya amu ya chini, si kwenye tairi. Chukua futi kamba, pima kutoka bushi ya ndani ya amu hadi bolti ya shokapu, kisha kutoka bushi hiyohiyo hadi bolijointi (kiungo cha mviringo kwenye ncha ya nje ya amu). Tuseme umepata sm 21 na sm 35. Gawanya: 0.6. Kwa hiyo mzigo halisi wa springi ni 380 ÷ 0.6, yaani kilo 633. Anayeruka hesabu hii hununua mfuko mdogo, halafu analaumu kompresa kwamba gari halinyanyuki. Pima la kwako, usichukue namba zangu.

Kisha toa springi, pandisha na shusha tairi kwa jeki huku usukani umekatwa hadi mwisho kila upande, gari likiwa limekaa kwenye stendi. Andika nafasi ndogo kabisa utakayoiona pale mfuko utakapokaa.

Hatua ya 2: Mfuko

Gawanya mzigo kwa eneo la kazi la mfuko, ambalo mtengenezaji huliandika kwenye karatasi yake. Mfuko wa sm² 100 ukibeba kilo 633 unahitaji kilo 6.3 kwa kila sm², sawa na psi (pauni kwa inchi ya mraba) 90 hivi. Mfuko wa sm² 70 kwa mzigo uleule unataka psi 128. Lenga psi 60 hadi 90 kwa urefu wa kutembelea, yaani gari likiwa barabarani. Ukizidi 100 gari linakuwa gumu, na tofauti kati ya tangi na mfuko inapungua, hivyo linanyanyuka polepole.

Mifuko iko ya aina mbili kubwa. Ya mikunjo miwili, yenye kiuno katikati, ni mipana na migumu, inabeba sana lakini mwendo wake ni mfupi. Ya bomba, ambayo mpira wake hujikunja juu ya pistoni, ni myembamba, laini zaidi kwenye lami mbovu, na mwendo wake ni mrefu. Kwa Mark X ya kutembelea kila siku ningechukua ya bomba iliyokwisha kuunganishwa na shokapu yake. Ila aina hii haisamehe msuguano. Ujaze mfuko hadi presha ya juu kabisa, zungusha kidole pande zote: isiwepo sehemu yenye nafasi chini ya mm 12. Ukigusa ukingo wa chuma, vumbi la barabara ya changarawe linakuwa msasa, na mpira unatoboka bila dalili.

Shokapu ndiyo inayotakiwa kuzuia mfuko usivutike kupita kiasi. Mfuko ukiwa ndio kamba ya mwisho ya kushika tairi, utachomoka kwenye sahani yake gari likiruka tuta. Chini nako weka raba ya kizuizi, ili gari likilala, yaani likishushwa hadi chini, lisikalie mfuko wenyewe.

Hatua ya 3: Tangi

Tuseme kila mfuko una lita 1.8 na tunaujaza hadi psi 90. Mifuko 4 × 1.8 × 90 ni 648. Gawanya kwa lita za tangi upate presha itakayoshuka. Tangi la lita 19 (galoni 5) linashuka psi 34: kutoka 175 hadi 141. Tangi la lita 11 (galoni 3) linashuka 59, hadi 116. Jaribu kunyanyua mara ya pili kompresa ikiwa imezimwa: la kwanza lina 107 na gari linanyanyuka, la pili limebaki na 57, halifiki. Ni makadirio, lakini yanatosha kuamulia. Lita 19 kwa gari la ukubwa huu.

Tangi liwe na kibao cha presha ya kazi inayozidi presha ambayo swichi yako huzima kompresa, vali ya usalama, na koki ya kutolea maji chini kabisa. Mtungi wa gesi ya kupikia na kizimamoto cha zamani haviingii kwenye mjadala huu.

Hatua ya 4: Kompresa

Usiangalie presha ya juu peke yake. Angalia inaweza kufanya kazi muda gani bila kupumzika. Ya asilimia 33, kwa presha iliyotajwa, ikifanya kazi dakika 10 inataka kupumzika 20. Kwa tangi la lita 19 chukua mbili za wastani, au moja ya asilimia 100. Swichi ya presha ya 145 kuwaka na 175 kuzima inafaa hesabu yetu ya juu.

Ule mpira wa waya uliosukwa unaokuja na kompresa usiukate wala kuubadilisha na mpira wa plastiki: hewa inatoka ya moto sana. Mwisho wake kuna vali ya kutorudisha hewa. Ikikosekana, presha ya tangi inaisukuma pistoni, mota inashindwa kuanza, fyuzi inakatika.

Hatua ya 5: Umeme

Kompresa moja inavuta takriban ampea 20 tangi linapokaribia kujaa. Kila moja iwe na rilei (swichi ya umeme inayowashwa na waya mdogo) yake ya ampea 40 na fyuzi yake ya 30. Kutoka betri hadi buti, kompresa zilipo, ni mita 5 hivi. Kwa mbili, ampea 40, waya wa mm² 2.5 unapoteza volti 1.4 njiani na unachemka. Wa mm² 16 unapoteza 0.2. Fyuzi kuu, ya 60, iwe jirani na betri, ndani ya sm 40. Fyuzi iliyoko buti hailindi waya uliopita chini ya kapeti.

Hatua ya 6: Mipira ya kupitishia hewa na fitingi

Hapa ndipo mifumo mingi inapofia, na ndipo watu wanapobana pesa. Vifaa vingi vya magari vinavyotoka Marekani vina nyuzi za NPT (kipimo cha Marekani). Maduka yetu ya mabomba yanauza BSP (kipimo cha Uingereza). Kwenye robo inchi NPT ina nyuzi 18 kwa inchi, BSP ina 19. Ukikaza inaingia mizunguko miwili na inaonekana imeshika. Kumbe inakata nyuzi na itavuja milele hata ukivirigisha tepu nzima ya tefloni. Nusu inchi ndiyo mbaya zaidi, maana zote zina nyuzi 14, zinaingia vizuri, lakini pembe ya jino ni digrii 60 kwa NPT na 55 kwa BSP. Nunua fitingi zote mahali pamoja, mfumo mmoja.

Mpira nao: robo inchi ni mm 6.35. Mpira wa mm 6 unaingia kwenye fitingi ya robo inchi, unakaa, halafu unaruka psi zikipanda. Chukua nailoni ya breki za hewa. Ile laini ya karakana haivumilii joto. Ukate kwa kikata mpira, mkato ulio sawa. Kisu kikikata mshazari, oringi (pete ya mpira ndani ya fitingi) haizibi. Kaa sm 15 kutoka bomba la moshi.

Unene wa mpira: inchi 3/8 inanyanyua haraka, robo inakuruhusu kurekebisha kidogokidogo. Kwa gari la kila siku, robo.

Hatua ya 7: Vali na udhibiti

Vali ndizo zinazoingiza na kutoa hewa kwenye mifuko. Kila mfuko uwe na njia yake. Ukiunganisha kulia na kushoto kwa kiungo cha T, gari likikata kona hewa inakimbilia upande mwepesi na bodi inalala. Mfumo unaosoma presha pekee ni rahisi, ila wakipanda watu wanne presha uliyoizoea inakupa gari la chini zaidi. Unaosoma urefu una sensa kila tairi na unajirekebisha. Fimbo ya sensa isipinduke gari likilala au likinyanyuka kabisa.

Ukimaliza, fanya alaimenti gari likiwa kwenye urefu wa kutembelea, kamwe si likiwa limelala.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Mimi nina Impreza. Hesabu ni hiyohiyo?

Jibu: Mbele hapana, kaka. Shokapu ya Impreza ya mbele imefungwa kwenye nakali (chuma kinachoshika habu) ya tairi yenyewe, uwiano uko karibu na 1, kwa hiyo ile 0.6 usiitumie. Angalia zaidi beringi ya juu: usukani ukikatwa, shokapu inazunguka. Mpira wa hewa uachiwe nafasi, la sivyo fitingi inalegea.

Swali: Nikiamka asubuhi kona ya nyuma kushoto iko chini. Fundi anasema nibadilishe mfuko.

Jibu: Usinunue kitu bado. Jaza, zima kila kitu, nyunyiza maji ya sabuni kwenye fitingi za mfuko ule, kisha mpira, kisha vali. Kama hakuna povu, badilishana mipira ya kushoto na kulia kwenye vali. Tatizo likihamia kulia, vali ndiyo inavuja, mara nyingi uchafu umekaa pale vali inapoziba. Likibaki kushoto, ni mfuko au mpira wake.

Swali: Niko Mombasa, tangi linatoa maji kama kikombe. Ni kawaida?

Jibu: Kwa unyevu wa pwani, ndiyo. Hewa ikibanwa inaacha maji. Fungua koki kila wiki, weka kichujio cha maji kati ya tangi na vali, na kiwe mbali kidogo na kompresa: hewa ikiwa bado ya moto, maji yanapita kama mvuke.

Swali: Kiongozi, nina tangi la breki la lori. Litafaa?

Jibu: Soma kibao. Breki nyingi za malori hufanya kazi kati ya psi 115 na 145. Kama kibao hakifiki 175, ama ulitumie na swichi ya 110 kuwaka na 145 kuzima, kibao kikiruhusu hiyo 145, ama uliache. Ukiamua kulitumia, rudia hesabu ya hatua ya 3 kwa kuanzia 145. Likiwa na kutu ndani, liache moja kwa moja. Chembe zake zitaishia kwenye vali.