Steringi Hafi, Laptopu Ndiyo Inayokufa

Kila muvi kubwa ya mashujaa inapokaribia kutoka, hasa ikiwa ni mwendelezo wa nyingine ambayo watu waliipenda, najua meza yangu itajaa. Laptopu zinakuja na maneno yaleyale: "Fundi, imekuwa nzito ghafla, inachemka hata nisipoigusa." Nikiuliza nani aliishika mara ya mwisho, mara nyingi ni kijana wa nyumbani aliyekuwa anasaka sehemu ya pili, au ya tatu. Muvi isiyo na historia haina wa kuihangaikia kiasi hicho. Mwendelezo ndio unaowatoa watu akili, maana uliachwa steringi yuko pabaya na unataka kujua alichomokaje. Watengeneza virusi wanaijua kiu hiyo vizuri sana.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Tanga. Nitaongelea Windows, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye karibu kila mashine inayonifikia, na menyu nitazitaja kama zilivyoandikwa kwenye skrini. Kuhusu kunakili muvi bila idhini, COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, wana maneno yao na sheria wanayo. Hapa nashughulika na mashine.

Tazama tarehe kabla ya kitu chochote

Kinga ya kwanza haihitaji programu yoyote. Jiulize: muvi hii imeshaanza kuuzwa mtandaoni, au bado iko kwenye kumbi za sinema tu? Avengers: Endgame iliingia sinema Aprili 2019, na mtandaoni ikaanza kuuzwa mwishoni mwa Julai. Spider-Man: No Way Home iliingia Desemba 2021, mtandaoni ikaja Machi 2022. Katikati ya tarehe hizo, kilichozunguka mitaani kilikuwa picha ya kurekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi, inatikisika, na vichwa vya watu vinapita mbele. Sasa mtu anayekuahidi picha safi kabisa katika kipindi hicho anakuahidi kitu ambacho bado hakijatengenezewa mlango wa kutokea. Faili analokupa lina kitu kingine ndani.

Wakati wa Endgame, Kaspersky, kampuni ya antivirusi, walieleza jinsi tovuti za ulaghai zilivyofanya kazi. Muvi inaanza kucheza, unaona vipande vya tangazo, kisha inakatika na sanduku linatokea: fungua akaunti, ni bure. Unaweka barua pepe na nenosiri. Halafu unaombwa namba ya kadi ya benki pamoja na zile tarakimu tatu za nyuma. Muvi hakuna. Wao wameondoka na kadi, na pia na nenosiri ambalo huenda ndilo unalotumia kwenye barua pepe yako.

No Way Home ilipotoka ikawa kali zaidi. ReasonLabs, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta kwenye torenti (njia ya watu kupeana mafaili mtandaoni) faili lenye jina la Spider-Man ambalo mwisho wake uliandikwa .torrent.exe. Aliyelibofya hakupata muvi, alipata programu ya kuchimba sarafu ya kidijitali iitwayo Monero. Programu hiyo inaifanyisha kazi prosesa yako usiku na mchana kwa faida ya mtu usiyemjua, na umeme unalipa wewe kwa LUKU. Kilichonivutia zaidi ni mbinu zake mbili. Kwanza, ilijiandikisha kwenye orodha ya vitu ambavyo Windows Defender, antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, haitakiwi kuvikagua. Pili, iliweka programu ndogo pembeni ya kuilinda ili iendelee kufanya kazi. Ndiyo maana mtu anaiua leo, kesho iko palepale, kama jambazi wa muvi aliyetumbukia baharini sehemu ya kwanza.

Onyesha mkia wa jina

Windows, ikitoka kiwandani, huficha herufi zinazofuata nukta ya mwisho ya jina la faili. Kwa hiyo faili la "muvi.mp4.exe" wewe unaliona "muvi.mp4", na mwizi anaweza kulipachika alama ya video juu yake. Rekebisha leo. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bonyeza "View", kisha "Show", halafu weka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 tiki hiyo iko moja kwa moja ndani ya "View".

Muvi huishia .mp4, .mkv au .avi. Maandishi ya tafsiri huishia .srt. Ukiona .exe, .scr, .bat, .vbs, .js, .lnk au .msi, hiyo si muvi hata kama jina limeandikwa vizuri namna gani. Tazama na uzito: muvi ya saa mbili na zaidi yenye picha safi hufika gigabaiti moja na kuendelea, basi faili la megabaiti kumi litakuwa limeibeba wapi? Ila usilitegemee hilo peke yake, kwa sababu wapo wanaolijaza faili takataka ili liwe zito.

Mafaili ya zip na rar yenye nenosiri yanahitaji tahadhari ya pekee. Ukikuta muvi imefungwa kwenye rar na nenosiri limeandikwa pembeni, elewa kwamba nenosiri limewekwa ili antivirusi isione kilichomo. Na kama unayafungua kwa programu ya WinRAR, ujue haijisasishi yenyewe. Kuna dosari mbaya iliyozibwa kwenye toleo la 6.23, Agosti 2023, na bado napokea mashine zenye matoleo ya 5. VLC, pleya ya kuchezea muvi, nayo isasishe. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilionyesha kwamba hata faili la tafsiri lingeweza kutumika kuiteka kompyuta kupitia VLC, pleya iitwayo Kodi na nyingine. Ilizibwa, lakini kwa waliosasisha tu.

Tovuti za kutazama bila kupakua

Wengi huniambia, "Fundi, mimi sipakui, natazama tu." Mapema Desemba 2024 Microsoft waligundua wimbi la matangazo yenye virusi lililoanzia kwenye tovuti za muvi za wizi, likagusa karibu vifaa milioni moja duniani. Watu hao nao walikuwa wanatazama tu. Unabonyeza alama ya kucheza, linafunguka tangazo, tangazo linakupeleka kwingine, na huko ndiko unakopewa kitu cha kufungua, na ndani mna programu ya kuiba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye brauza.

Kuna mambo matatu ya kukataa bila mjadala. Ukurasa ukiomba ubonyeze "Allow" ili muvi ianze, kataa, kwani unaruhusu taarifa zitakazokutokea kila siku zikisema kompyuta yako ina virusi. Ukiambiwa unahitaji "kodeki" au pleya mpya, kataa, VLC inatosha. Na hili la tatu ndilo baya kupita yote: ukiambiwa uthibitishe kwamba wewe si roboti kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, funga ukurasa papo hapo. Ukurasa umeshakunakilia amri bila wewe kujua, na unakuomba uibandike na kuiendesha kwa mkono wako mwenyewe. Antivirusi hupata shida kumzuia mwenye nyumba anayefungua mlango kwa hiari.

Kama ulishabonyeza "Allow", kwenye Chrome nenda "Settings", "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", na uondoe kila tovuti usiyoijua.

Mtoto asiwe msimamizi

Kama nyumba ina laptopu moja inayotumiwa na wote, hatua hii nitaisisitiza hata ukipuuza nyingine. Nina mteja ambaye ni katibu wa kikoba. Hesabu zote za wanachama, nani kakopa na nani karejesha, zimo kwenye Excel ya laptopu hiyohiyo ambayo mwanawe anasakia muvi akiwa likizo. Nilimwambia: "Mama, huyu kijana usimnyang'anye, mpe akaunti yake."

Fungua "Settings", "Accounts", "Other users", kisha "Add account". Chagua kwamba huna taarifa za mtu huyo, halafu "Add a user without a Microsoft account". Akaunti itakayotoka itakuwa ya kawaida, si ya msimamizi. Yako iwekee nenosiri ambalo kijana halijui. Kuanzia hapo, programu inayotaka kugusa mfumo mzima, ikiwemo kujiingiza kwenye ile orodha ya Defender, itaomba nenosiri lako kwanza. Virusi vya kuiba manenosiri bado vinaweza kumdhuru yeye ndani ya akaunti yake, lakini havina njia nyepesi ya kufikia yako.

Kisha kagua hiyo orodha yenyewe. Fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka chini hadi "Exclusions". Kwenye mashine ya nyumbani orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Ukikuta C:\ nzima imo, au folda ya "Downloads", ifute na ujue kuna mtu alipita. Mara nyingi huwa ni kile kiprogramu cha kuwashia Windows au Office ya bure, ambacho maelekezo yake huanza kwa kukuambia uzime antivirusi. Hapohapo hakikisha "Tamper Protection", inayozuia programu nyingine kuizima Defender, imewashwa. Antivirusi ya pili ya kulipia iliyovunjwa funguo usiiweke. Defender iliyo hai na iliyosasishwa inatosha.

Flashi na bando

Virusi vya shotikati havijatutoka. Unatoka kibandani kuwekewa muvi, unachomeka nyumbani, folda zote zimegeuka shotikati. Usibofye hata moja. Skani flashi kwanza kwa kubofya kulia na kuchagua "Scan with Microsoft Defender". Ikishasafishwa, fungua Command Prompt na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mafaili yako yalikuwa yamefichwa tu, yatarudi. Kibandani peleka flashi isiyo na kitu kingine, kamwe si ile yenye vyeti na CV. Na kama TV yako ina tundu la USB, itazamie muvi huko. TV haifungui .exe ya Windows.

Kuhusu bando, watu wengi huweka mtandao wao kuwa "Metered connection" ili Windows isile data. Naelewa, data ni pesa. Lakini hapo unachelewesha pia masasisho ya usalama. Angalau mara moja kwa wiki rudi kwenye "Windows Security", fungua "Protection updates" na ubonyeze "Check for updates". Wateja wangu wasio na bando huwapelekea kwa flashi faili la masasisho la mpam-fe.exe, ambalo Microsoft wenyewe wanalitoa kwenye tovuti yao. Hiyo ni .exe unayoruhusiwa kuiamini, mradi imetoka kwao. Na kama bado uko Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo uliza kama mashine yako inaweza kupanda kwenda 11.

Ikiwa mambo yameshaharibika

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc uone kinachokula prosesa. Sikiliza na feni. Baadhi ya wachimba sarafu hujificha ukifungua Task Manager: feni inatulia ghafla, ukiifunga inaanza tena. Ukiona hivyo usibishane nayo.

Kata intaneti. Chomeka chaja, hifadhi kazi, kisha kwenye "Windows Security", ndani ya "Scan options", chagua "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Mashine itajizima na kuwaka kwenye skani kabla Windows haijaamka, kwa hiyo virusi na yule mlinzi wake wote wanakuwa wamelala. Huchukua kama robo saa. Ikiwaka, rudi kwenye "Exclusions" ukague tena. Dalili zikirejea, nakili hati, picha na Excel zako tu, uache kila .exe, kisha piga Windows upya kwa kutumia faili la Microsoft lenyewe. Nakala ya hati ikae kwenye diski ya nje ambayo huichomoa ukimaliza, maana virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia hufunga kila kilichochomekwa.

Manenosiri badilisha, lakini kwa kutumia simu au kompyuta nyingine. Anza na barua pepe, kisha benki. Kwenye akaunti ya Google ingia "Security", "Your devices", na utoe kila kifaa. Wezi wa siku hizi huiba pia ile kumbukumbu ya brauza inayokufanya usiulizwe nenosiri kila saa, na kwa kumbukumbu hiyo wanaweza kubaki ndani hata baada ya wewe kubadilisha. Kama uliandika namba ya kadi mahali popote, pigia benki yako waifunge siku hiyohiyo, kabla hujaileta laptopu kwangu.