Kutengeneza Bidhaa za Mchango wa Vijana kwa Mabaki ya Karakana ya Useremala

Kila karakana ya useremala pale Keko, Dar es Salaam, hutoa mabaki ya aina tatu kabla jua halijazama: maranda yanayotoka kwenye randa, unga unaodondoka chini ya msumeno, na vipande vifupi vinavyobaki baada ya miguu ya meza na chaga za kitanda kukatwa kwa kipimo. Maranda huchukuliwa na wafugaji wa kuku, unga hufagiliwa, na vipande humfikia mama lishe kama kuni. Mwongozo huu unahusu vipande hivyo, na umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha vijana, kiwe cha kwaya, cha madrasa au cha mtaa, kinachotaka kukusanya fedha kwa kuuza kitu cha mkono badala ya kuzungusha kadi.

Wakazi wa Dar es Salaam wanazijua kadi za mchango kuliko maelezo: za harusi, za kipaimara, za ujenzi, na mwezi mmoja huweza kumletea mtu kadi nne. Kijana anayekuja na kibao kizuri cha kukatia mboga anakuja na jambo tofauti, kwa sababu mnunuzi ataondoka na kitu atakachokitumia kila siku. Lakini kitu hicho lazima kiwe kizuri kweli. Bidhaa inayonunuliwa kwa huruma hununuliwa mara moja tu, tena kwa bei ya huruma, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kuchambua mbao na kupiga msasa, kazi mbili ambazo vijana wengi hutamani kuziruka.

Kuyaomba mabaki

Nendeni karakana jioni, fundi anapofagia, na mwende na magunia yenu wenyewe. Baada ya salamu, elezeni kikundi chenu ni kipi, fedha ni za nini, na mnahitaji vipande vya ukubwa gani. Sisi huomba vipande vyenye urefu wa shibiri moja au zaidi na unene wa angalau sentimita mbili; vilivyo vidogo kuliko hapo tunaviacha. Tunaviacha kwa makusudi, kwa kuwa karibu na kila karakana yupo mama anayepikia kuni hizo, na si haki kikundi cha vijana kije kumaliza moto wake. Zungumzeni naye pia, mkubaliane nani anachukua nini, na baada ya hapo hakuna atakayewaangalia kwa jicho baya.

Kuchambua

Mkifika na magunia, mwageni kila kitu kwenye turubai na mtenge mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mbao ngumu halisi: mninga wenye rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu, mkongo, na mtiki, ambao kwa wingi hutoka kwenye mashamba kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro. Hili ndilo fungu lenye fedha.

Fungu la pili ni mbao laini za msindano, zinazokuja kwa wingi kutoka Mufindi na kutumika kwenye kenchi za mapaa. Hapa ni lazima kuwa makini. Mbao nyingi za paa hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na zile zenye rangi ya kijani zinaweza kuwa na dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki. Kipande cha namna hiyo kisitengenezewe kitu chochote cha jikoni wala kitu cha kuchezea mtoto, kisipigwe msasa na vijana, na kisichomwe, kwa sababu moshi na majivu yake hubeba sumu hiyohiyo. Mkikikuta, kitengeni na mmwambie mama lishe kwa nini asikitie jikoni. Kwangu mimi maneno hayo machache ni muhimu kuliko bidhaa zote mtakazouza.

Fungu la tatu ni mbao za kiwandani zilizoundwa kwa unga au vipande vilivyogandishwa kwa gundi. Hizo zina kemikali kwenye gundi yake, hufumuka zikilowa, na hazifai kwa chakula. Wekeni kando, zinafaa kuwa migongo ya fremu za picha, basi.

Fungu la kwanza likishapatikana, lipangwe chini ya paa likiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, na likae wiki mbili au tatu. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kulingana na unyevu huo. Vipande vilivyotoka karakana tofauti vinahitaji muda wa kuizoea hewa ya mahali pamoja kabla ya kuunganishwa. Vinginevyo vitavutana baadaye, ndani ya nyumba ya mtu aliyewalipa.

Kibao cha kukatia

Bidhaa ninayoipendekeza kuliko zote ni kibao cha kukatia, kwa kuwa kila jiko lina kisu na kitunguu. Chagueni vipande sita vya mtiki vyenye urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 4 na unene wa sentimita 2.5. Fundi avipitishe kwenye mashine ya randa ili kingo zinyooke na zikutane bila kuacha upenyo; ukiinua vipande viwili vilivyobanwa pamoja kuelekea dirishani, mwanga usipite kati yake. Kazi ya mashine ifanywe na fundi mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na inataja kazi katika sehemu zenye mashine miongoni mwa kazi za hatari kwake. Vijana wanayo mengi ya kufanya kwa mikono.

Pangeni vipande mezani, nyuzi za mbao zote zikielekea upande mmoja kwa urefu, rangi nyeusi ikipishana na nyepesi mpaka mchoro uwapendeze, kisha mchore alama ya pembetatu kubwa kwa penseli juu ya vyote ili mpangilio usipotee. Sasa inakuja hatua ambayo niliijua kwa kuumia. Mtiki una mafuta yake ya asili, na mafuta hayo huzuia gundi kushika. Mwaka wa kwanza tuliunganisha vibao bila kujali jambo hilo, vikaonekana imara, tukauza. Miezi miwili baadaye mama mmoja alikuja na mfuko wa karatasi, akaufungua taratibu, ndani mna nusu mbili za kibao. “Fundi, kimeachana,” akasema, bila hata kupandisha sauti. Nilimrudishia fedha yake na kumpa kingine, na tangu siku hiyo hakuna kipande cha mtiki kinachopakwa gundi kwetu kabla kingo zake hazijafutwa kwa kitambaa safi chenye spiriti, na kuunganishwa muda huohuo inapokauka, kwa kuwa mafuta huanza kurudi juu tena.

Gundi iwe ile inayostahimili maji. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwa kuoshwa mara kwa mara. Ipakwe tabaka jembamba linalofunika ukingo wote. Kama hamna klampu za kutosha, kateni tyubu kuukuu ya gari iwe mikanda mirefu, izungusheni kibao huku mkiivuta kwa nguvu, na mpigilie kabari za mbao chini ya mikanda hiyo mpaka vitone vidogo vya gundi vijitokeze kwa mstari mmoja sawasawa kwenye kila kiungo. Mstari huo ni ushahidi wenu: mahali ambapo hakuna kitone, ama gundi ni pungufu au mbano ni hafifu. Msiifute ikiwa mbichi, maana itaingia kwenye vinyweleo vya mbao na kuacha doa. Subirini igeuke kama mpira, kisha mwikwangue kwa patasi. Kibao kilale siku nzima kabla ya kuguswa tena.

Msasa

Msasa huanza na namba 80, ukafuata 120, kisha 180, na kila mara mkono uende kufuata nyuzi za mbao. Karatasi ifungwe kwenye kipande cha mbao bapa ili vidole visichimbe mashimo. Namba ikirukwa, mikwaruzo ya namba iliyotangulia haitaonekana kibao kikiwa kikavu, itajitokeza yote mafuta yakishapakwa, na hapo itabidi kurudi mwanzo.

Baada ya namba 180, chukueni kitambaa chenye maji, mlowanishe uso wote wa kibao na mkiache kikauke. Kijana atakayepitisha kiganja chake juu atashangaa: kibao kilichokuwa laini kimeota manyoya, kwa kuwa nyuzi zilizolazwa na msasa zimesimama kwa maji. Hicho ndicho ambacho kingempata mnunuzi siku ya kwanza ya kukiosha. Pigeni sasa namba 240 kwa mkono mwepesi, nyuzi hizo zikatike, na hazitasimama tena kwa kiasi kile. Binti mmoja wa kikundi chetu hufumba macho anapokagua, anapitisha kiganja kutoka kona hadi kona, na akisita mahali, kibao kinarudi mezani. Hajawahi kukosea.

Vumbi si la kudharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lililiweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na vumbi la mninga huwasha pua na vifua vya watu wengi. Fanyeni kazi hiyo nje, mkae upande upepo unakotoka, vaeni barakoa inayobana vizuri, na mmwagie ardhi maji kabla ya kufagia.

Mafuta

Mafuta ya alizeti yasitumike, kwani huchacha ndani ya mbao na kutoa harufu. Tumieni mafuta ya parafini yanayouzwa duka la dawa, yasiyo na rangi wala harufu, na mhakikishe kila kijana anaelewa kwamba hayo si mafuta ya taa. Changanyeni vipimo vinne vya mafuta hayo na kipimo kimoja cha nta ya nyuki ndani ya kopo, na kopo likae kwenye sufuria ya maji ya moto hadi nta iyeyuke. Nta isiwekwe moja kwa moja juu ya moto, kwa kuwa huwaka. Pakeni kwa kitambaa, mwache usiku kucha, mfute kinachobaki, mrudie mara ya pili.

Vipande vilivyo vifupi mno kwa kibao vina kazi zake. Kipande cha mkongo chenye urefu wa sentimita 10, kikichongwa mfereji wa upana wa milimita 12 unaolala nyuma kidogo, huwa kishikilia simu. Wachongaji wa Mwenge wana vipande vya mpingo visivyozidi kidole gumba, na hivyo hutengeneza herini nzuri sana: mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo zikatwe nyembamba, zitobolewe taratibu ili zisiungue, na zing'arishwe kwa msasa namba 400 na nta. Mafundi cherehani nao hawakosi mabaki ya vitenge, yanayofaa kwa vishikio vya sufuria.

Bei na mauzo

Andikeni kila shilingi kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Tuseme vibao 12 vimetumia shilingi 36,000 za msasa, gundi na mafuta, na shilingi 24,000 za kumlipa fundi mashine yake. Kila kibao kimegharimu 5,000, na kwa kifungashio cha 500 inakuwa 5,500. Kikiuzwa 15,000, kinaacha 9,500. Kikundi kinachotafuta shilingi 600,000 kingehitaji kuuza vibao 64, ambavyo ni vingi. Lakini kama herini zinagharimu 700 na kuuzwa 4,000, basi vibao 30 na jozi 96 za herini vinatosha. Hesabu hii ifanywe kabla ya kukata mbao ya kwanza, ili vijana wajue wanakimbilia wapi.

Uzeni mahali watu wanapowafahamu, kama vile baada ya ibada au kwenye mkutano wa mtaa. Malipo ya simu yaingie kwenye laini moja iliyokubaliwa na kikundi, na jioni hiyohiyo watu wawili walinganishe daftari na fedha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo fungeni bidhaa kwa karatasi ya kaki na utepe wa kitenge, na mtie ndani kikaratasi chenye maelekezo: kibao kisilowekwe, kioshwe na kusimamishwa kikauke, kipakwe mafuta kila mwezi.

Vibao viwili vya kwanza visiuzwe. Kimoja kipelekwe kwa fundi aliyewapa mabaki, na kingine kwa mama lishe wa jirani yake, na vipelekwe na vijana wenyewe.