Chagua ukubwa wa kipande kabla hujaweka kontena

Bwawa la LVM (mfumo wa Linux wa kusimamia nafasi ya diski) linalogawa nafasi kadiri inavyoandikwa likishaundwa, ukubwa wa kipande, yaani kipimo cha nafasi linachogawa kwa mara moja, haubadilishwi. Ukitaka mwingine, unda bwawa jipya uhamishe kila kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu). Ndiyo maana siiachii LVM inichagulie: yenyewe hujitahidi metadata (kumbukumbu za kipande kipi ni cha nani) isizidi MiB 128, hivyo bwawa la TiB 1 hupata vipande vya KiB 512. Kwa mtu anayepiga snapshoti (picha ya hali ya diski kwa wakati huo) kila usiku, hivyo ni vikubwa mno.

Snapshoti hainakili data inapopigwa. Deni huja baadaye. Programu ikiandika KiB 4 ndani ya kipande ambacho snapshoti bado inakitegemea, kerneli hunakili kwanza kipande kizima. Kwa KiB 64 hiyo ni mara 16 ya ulichoandika, kwa KiB 512 ni mara 128, na nafasi huliwa kwa kiasi hichohicho. Inayoumia zaidi ni kontena yenye hifadhidata, inayodonoa kidogo huku na kidogo kule. Inayoandika mafaili makubwa mfululizo haina shida, kwa kuwa hufunika kipande chote na hakuna cha kunakili.

Mbona basi tusitumie 64, kiwango cha chini kabisa, kila mahali? Metadata. Kadiria baiti 64 kwa kila kipande: TiB 1 yenye vipande vya KiB 64 inataka GiB 1, ya KiB 256 inataka robo yake. Metadata yenyewe haiwezi kupita takribani GiB 16. Mimi chini ya TiB 4 naweka 64 bila kusita; juu ya hapo, 256. Kisha naongeza metadata maradufu, maana snapshoti zikizidi kutofautiana nayo hukua. Hapa vg0 ni kundi la diski lenye bwawa:

lvcreate --type thin-pool -L 1T --chunksize 64k --poolmetadatasize 2G -n bwawa vg0

Wengine huongeza -Zn, inayozima kujaza sifuri kwenye vipande vipya, ili kupata kasi. Kama kontena ni za watu tofauti, usithubutu: mabaki ya data ya mmoja yanaweza kusomwa na mwingine.

Ukague:

lvs -o lv_name,chunk_size,data_percent,metadata_percent vg0

Safu ya mwisho ndiyo ya kuogopa. Metadata ikijaa, ukarabati wake ni mgumu kuliko data kujaa. Endesha fstrim (amri inayorudisha nafasi ya mafaili yaliyofutwa) mara kwa mara, ukijua kwamba kipande hurudi bwawani kikiwa kitupu chote na hakuna snapshoti inayokishikilia. Mwisho, kwenye lvm.conf, thin_pool_autoextend_threshold (asilimia ya ujazo ambapo bwawa hujipanua lenyewe) huja ikiwa 100, yaani imezimwa. Weka 70, na uache nafasi tupu ndani ya vg0.