Neti ya nyumbani inakokota? Pima kwa waya kwanza ndio ugombane na kampuni

Jumamosi moja mama mdogo kanipigia simu kutoka Tabata, hasira zimemjaa, anataka kuvunja mkataba na kampuni iliyomuwekea faiba maana analipia Mbps 20 kila mwezi halafu tamthilia yake ikifika pale panaponoga inaanza kuzunguka, na binti yake huko chumbani analalamika hata picha za WhatsApp hazifunguki. Nikaenda. Rauta naikuta ndani ya kabati la TV, nyuma ya vyombo vya wageni, mlango umefungwa, na juu yake katandika kitambaa cha kufuma, eti zile taa zinamkera usiku. Nikachomeka waya kutoka kwenye rauta mpaka laptopu yangu nikapima, ikaja 20 na chenji. Yaani kampuni ilikuwa inaleta mzigo wote mpaka mlangoni, mzigo ulikuwa unapotelea sebuleni.

Ndio maana siku hizi mtu akinilalamikia neti swali langu ni moja tu, umepima kwa waya? Neti inapita vipande vitatu mpaka ikufikie: kuna kutoka simu yako hadi rauta, kuna kutoka rauta hadi kampuni, halafu kuna kutoka kampuni hadi huko nje duniani. Ugonjwa unaweza kukaa kipande chochote na dawa ya kimoja haisaidii kingine, ndio unakuta mtu kapandisha kifurushi mara mbili na chumbani bado anahangaika, kumbe shida ni ukuta.

Kabla ya kupima tuweke hesabu sawa maana hapa watu wengi wanagombana bure. Kampuni inauza kwa megabiti kwa sekunde (ndio hiyo Mbps), ila simu ikiwa inadownload inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 20 gawanya kwa 8 unapata MB 2.5 kwa sekunde, muvi ya GB 1.5 inakuchukua kama dakika 10 hivi. Ukiona 2.5 usiseme umeibiwa, hiyo ndio 20 yako. Na Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 zinatosha picha ya 1080p, 4K ndio inataka 15, kwa hiyo nyumba ya watu wanne kwenye 20 inaishi vizuri tu kama hakuna kitu kinachovuja.

Sasa kupima. Tafuta waya wa LAN (waya wa mtandao wa ndani ya nyumba), chomeka kwenye moja ya matundu ya LAN ya rauta, upande wa pili kwenye laptopu, halafu ZIMA waifai ya laptopu (hii watu wanaisahau kila siku, wanapima waifai ileile wakidhani wanapima waya). Waambie wa nyumbani waache simu dakika tano, zima na VPN kama unayo, maana Bongo hapa watu tunawasha VPN leo tunaikumbuka baada ya wiki mbili na muda wote huo kila kitu kinazunguka kwanza nchi ya watu ndio kije kwako. Ingia fast.com au speedtest.net, pima mara tatu, andika namba. Rudia asubuhi, rudia saa mbili usiku. Laptopu haina tundu la waya? Kuna adapta za USB. Huna laptopu kabisa, basi simama na simu mita moja au mbili kutoka kwenye rauta ukiwa umeunga waifai ya 5 GHz (nitaieleza hapo chini), sio sawa na waya ila inakupa mwanga.

Kitu kimoja cha pembeni, kama unalipia zaidi ya Mbps 100 na kipimo kinagoma kwenye 93 au 94 kila ukijaribu, hiyo sio kampuni. Ndani ya waya wa LAN kuna nyuzi 8, spidi ya 1000 inazitaka zote nane lakini 100 inafanya kazi na nne tu, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika au fundi akibana kichwa vibaya rauta inashuka kimyakimya hadi 100. Au rauta yenyewe matundu yake mwisho ni 100, zipo nyingi tu za bei rahisi.

Waya umeleta namba nzuri? Basi achana na kampuni, tatizo ni waifai yako. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoangukia na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Rauta nyingi za sasa zina mawimbi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya 2.4 inafika mbali na inavumilia kuta ila ni kama daladala la saa kumi na mbili jioni, kila mtu yumo humohumo, majirani, bluetooth, mpaka maikrowevu ikiwa inapasha ugali. Ya 5 ina kasi ila ukuta wa tofali za block unaimaliza. Ingia kwenye setingi za rauta uzipe majina mawili tofauti, mfano nyumbani na nyumbani5, ili ujue simu imeshika ipi, kisha TV na laptopu zilizo karibu ziweke kwenye 5, vya vyumba vya mbali vibaki 2.4. Kuingia ni kuandika 192.168.1.1 kwenye brauza, zingine 192.168.0.1 au 192.168.100.1, jina na paswedi viko kwenye stika chini ya rauta.

Ukiwa humohumo angalia chaneli, yaani vile vinjia ambavyo wimbi limegawanywa. Kwenye 2.4 chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu, 1, 6 na 11. Kama unakaa ghorofani Kariakoo au Upanga washa app ya kuchungulia waifai kwenye simu ya Android uone, utakuta rauta ishirini na nusu yao zimejazana kwenye 6, wewe hamia kule kwenye watu wachache. Usichague 3 au 8 ukidhani umejitenga, hapo unaumizwa na wa pande zote mbili. Na upana wa chaneli kwenye 2.4 acha 20 MHz, ukiweka 40 sehemu yenye msongamano unajiharibia na unawaharibia jirani.

Halafu mahali pa kuiweka. Mawimbi hayapendi chuma na hayapendi maji. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini kwa nyuma, friji ni bati, tenki la samaki ni maji, simtanki lililobandikwa ukutani ni maji lita elfu moja. Iweke juu, wazi, katikati ya nyumba, antena zisimame wima kama nyumba ni ya chini. Kwa mama mdogo rauta niliitoa tu kabatini nikaiweka juu ya kabati, chumbani kwa binti ikapanda kutoka 2 hadi 14. Zile taa rauta yake ilikuwa na sehemu ya kuzizima kwenye setingi, nikazima, kitambaa kikarudi kwenye kochi.

Kama nyumba ni ndefu na chumba cha uani bado hakipati usikimbilie vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kurudisha mawimbi. Vingi vinapokea na kurusha kwa redio ileile kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu, na watu wanaviweka kulekule chumbani ambako mawimbi yashakufa, sasa kitarudisha nini? Tafuta rauta ya zamani, ipe anwani nyingine kama 192.168.1.2, zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani), vuta waya kutoka tundu la LAN la rauta kubwa hadi tundu la LAN (sio WAN, lile la kuingizia intaneti) la ile ya zamani. Ni waya na misumari tu, inakuwa kama umeongeza rauta ya pili.

Kuna kipimo kingine nakipenda kwa sababu hakidanganyi. Kwenye Windows fungua cmd (kile kidirisha cha kuandikia amri), andika ping 192.168.1.1 -t (weka anwani ya rauta yako) uache inatembea huku unazunguka na laptopu vyumbani. Ping inatuma ujumbe na kuhesabu muda wa kwenda na kurudi, kawaida inatakiwa iwe milisekunde 1 mpaka 5 au 10, ikianza kuruka 150, 300, au inaandika Request timed out, umeshapata chumba chenye ugonjwa na wala intaneti haijahusika, hapo unaongea na rauta tu iliyo mle ndani kwako. Ukimaliza andika ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni seva ya Google huko nje. Kama ya rauta imetulia na hii inarukaruka, ugonjwa umehamia nje.

Ila ngoja, kabla hujatoka nje hebu angalia nani anakula. Kwenye rauta kuna orodha ya vifaa vilivyoungwa, ukikuta 17 na nyie mko wanne basi paswedi ishafika kwa muuza genge. Badilisha, weka ndefu ya herufi 12 kwenda juu, zima WPS (ile ya kuunga kifaa kwa kitufe au PIN bila paswedi). Lakini mara nyingi mlaji ni wa ndani, kompyuta inashusha apdeti, simu ya mzee inapandisha picha za harusi zote Google Photos, au kamera za CCTV zinazotuma video mtandaoni usiku na mchana. Hizi zinazopandisha ndio mbaya kuliko zote na watu hawazijui. Kila kinachoshuka kwako lazima kifaa kirudishe neno juu kwamba nimepata, sasa njia ya kupanda ikijaa, hayo majibu yanakaa foleni na kushuka nako kunagoma hata kama njia ya kushuka iko tupu. Ukiona ping ya 8.8.8.8 iko 20 kawaida halafu kamera ikiwashwa inafika 600, ndio hiyo. Punguza ubora wa kamera, irekodi kwenye memori kadi, au kama rauta ina QoS (sehemu ya kugawa kasi kwa kila kifaa) iwekee kamera kikomo.

Haya, waya nao umeleta namba mbaya. Sasa ni kipande cha pili. Kwanza adapta ya umeme, hasa kama ile ya awali iliungua ukanunua ya mtaani: volti lazima zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi, ukiweka 12V 0.5A kwenye rauta inayotaka 12V 1.5A itakuwa inajizima na kujiwasha watu mkidhani mtandao umekata. Zima, hesabu nusu dakika, washa. Kuzima na kuwasha nimesema, SIO kuingiza pini kwenye kile kitundu cha reset, hicho kinafuta setingi zote za kampuni na utakaa bila neti mpaka fundi aje.

Wa faiba angalieni taa ya LOS, ikiwa nyekundu mwanga haufiki, hakuna setingi itakayosaidia. Ule waya ni kioo ndani, ukikunjwa kona kali nyuma ya kochi mwanga unavujia pale pale. Kwenye kurasa za rauta kuna sehemu inaonyesha Rx power, yaani nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa kipimo cha dBm, ikiwa kati ya −15 na −24 uko salama, ikikaribia −27 au kuipita ndio mwanga umechoka, iandike hiyo namba.

Wa rauta za laini, 4G au 5G, tafuta kwenye kurasa za rauta RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya −80 ni tamu, −100 inavumilika, −110 ni shida. SINR ikiwa 15 na kuendelea raha, ikiwa karibu na 0 hata bando la dhahabu halisaidii. Isogeze dirishani, badilisha upande wa nyumba, subiri dakika moja kila ukihamisha usome tena. Ukikuta namba ni nzuri, saa kumi alfajiri unapata 40 ila saa mbili usiku unapata 3, mnara umejaa watu, hapo hamna cha kurekebisha kwako. Na soma masharti ya kifurushi kisicho na kikomo, vingi vina kiasi ambacho ukishakimaliza spidi inashushwa hadi mwezi ugeuke.

Kipande cha tatu ni kifupi maana hakiko mikononi mwako. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania tukawa kati ya walioumia sana na Kenya nao wakayumba, siku ile watu waliriseti rauta zao bure. Ukiona majirani wa kampuni tofauti wote wanalia, kaa utulie. Nyingine ndogo, kurasa zikichelewa kuanza kufunguka lakini video ikishaanza inatiririka, jaribu kubadili DNS (seva inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani) iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8, ila asikudanganye mtu kwamba hiyo inaongeza Mbps.

Ukifika hapa na bado, ndio piga simu huduma kwa wateja. Usiseme neti iko taratibu, utaambiwa zima uwashe. Sema nimepima kwa waya, waifai imezimwa, saa mbili usiku siku tatu mfululizo napata 4 kati ya 20, Rx power ni −28. Fundi akija asipime kwa simu yake amesimama pembeni ya rauta akakusainisha karatasi, mpe ule waya, apime kwenye laptopu mbele yako, namba ikija sawa ndio usaini.