Kibarua wa miaka mitatu? Soma hii kabla hujaenda kugombana na bosi

Wasee wengi hapa Kenya wanadhani ukilipwa kila jioni basi we ni kibarua milele, hapana, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 37 inasema ukifanya kazi mfululizo mwezi mzima unahesabika mfanyakazi wa mwezi, na ikipita miezi miwili unapata haki kama notisi na likizo. Sasa shida ni kuprove. Anza leo leo, pigia picha ile daftari ya geti ukisaini saa moja asubuhi, meseji za M-Pesa za mshahara usifute hata moja, chukua na stetimenti ya NSSF kama walikuwa wanakukata. Kama hukuwahi kupewa kontrakti ya maandishi usipaniki, kesi ikifika kortini mwajiri ndiye anabeba mzigo wa kuonyesha mlikubaliana nini.

Halafu andikia bosi barua ukidai haki zako, uweke kopi yako, wakinyamaza enda kwa afisa wa leba au yunioni. Korti iko pia lakini usizubae, una miaka 3 tu ya kufungua kesi.

Ila kontrakti ya muda maalum ni kitu ingine, hiyo ikiisha imeisha, kurinyuiwa mara tano pekee hakukufanyi pamanenti.